Kiuno cha Nani?

"Baba Mkubwa, kiuno cha nani?"

Nilikuwa na miaka saba nilipouliza hivyo. Nilikuwa juu ya mabega yake, maji ya matope yakipita chini yetu, na nusu ya mtaa imejipanga kwenye baraza la mashine ya kusaga ikitusubiri. Alikuwa ametoka kupaza sauti, "Kiuno! Ni kiuno, piteni!" Mimi kutoka kule juu nilikuwa naangalia wanaovuka nyuma yetu, na naona wengine wamelowa mpaka kifuani. Haikuniingia akilini. Nikauliza.

Watu walicheka mpaka mwenye mashine akashika nguzo. Baba Mkubwa naye alicheka, mabega yakatikisika, nikashika masikio yake nisianguke.

"Cha mwenye kiuno!" akanijibu, wakacheka upya.

Mtaa wetu umelala kama kitanda cha kamba kilicholegea katikati. Upande wa juu kuna nyumba za kuishi, shule, na mashine ya kusaga. Upande wa chini kuna vyumba vya biashara, na nyuma ya vyumba kuna mto. Katikati pana bonde, tunapaita Tumboni. Mto ukifura hauwafuati kwanza watu wa upande wa chini, ingawa ndio jirani zake. Unazunguka, unajaza Tumboni, halafu unawarudia taratibu kama mtu aliyekwisha kufunga mlango. Kwa hiyo aliye upande wa chini ana muda mfupi wa kuamua: avuke Tumboni, au apande darini na kumwomba Mungu kuta zisimame.

Uamuzi huo, tangu zamani, umetegemea sauti ya mtu mmoja mrefu. Anaingia majini kutoka upande wa juu, mikono hewani, na kila maji yanapompanda anataja yalipofika. Kifundo. Goti. Paja. Kiuno. Sheria haijaandikwa popote lakini hata mtoto anaijua: mpaka kiuno, mtu mzima avuke; kifua, kila mtu apande juu. Kwingine mtu akisema maji yamemfika shingoni ana maana hajalipa kodi ya nyumba. Kwetu anatoa taarifa.

Hata historia yetu ina viungo. Kulikuwa na Goti la Kwanza, ambalo wengi hawalikumbuka. Kulikuwa na Paja, lililosomba mbuzi wote. Kiuno cha Kwanza kiliua wanaume wawili waliorudi kuchukua godoro. Kifua kilibomoa nyumba kumi na moja, na tangu hapo upande wa chini hakuna anayelala, watu wanafanya biashara tu na kupanda juu jioni. Mwalimu mmoja mgeni, akiandikisha watoto wa darasa la kwanza, alimwuliza bibi mmoja mjukuu wake alizaliwa lini. Bibi akajibu, "Siku tatu baada ya Goti la Pili." Mwalimu akauliza kama mtoto aliumia sana.

Na mafuriko yote hayo yalipimwa kwa miili ya watu wawili: babu yangu, kisha mtoto wake wa kwanza, Baba Mkubwa. Ukoo wetu ni wa watu warefu. Hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo ni jambo la kufikiriwa, isipokuwa mtoto wa miaka saba, naye hakujua alichokiona.

Baba Mkubwa ni fundi rangi. Mtaani anaitwa Ngazi, kwa sababu anapaka dari za vyumba vya kawaida akiwa amesimama chini. Watu humwuliza, "Ngazi, huko juu mvua imeanza?" Baada ya kila mafuriko yeye ndiye anayekwangua tope kwenye kuta, anapiga msasa, anaziba nyufa, anapaka upya, rangi nzito chini na nyeupe juu. Wakamsingizia kwamba anaiita mvua ili apate kazi. "Ningekuwa naiita," alikuwa akisema, "ningeiambia ije na rangi yake."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mfupi kuliko wanawake wote wa mtaa. Kichwa chake kiliishia kwenye mfuko wa shati la mumewe. Nikimwita Mama Mkubwa mbele ya mgeni, mgeni alikuwa anatazama nyuma yake kumtafuta mwenye jina. Yeye alikuwa na jibu lake tayari: "Ukubwa nimeolewa nao, sikuzaliwa nao." Hawakujaliwa mtoto. Sisi, watoto wa mdogo mtu, ndio tuliokuwa watoto wao, na sahani zetu zilikuwa nyumba zote mbili.

Miaka yote alishonea nyumbani, upande wa juu. Nilipofika miaka kumi ndipo akapanga chumba upande wa chini, kwa kuwa wateja wanapita huko wakienda sokoni. Hili naomba likumbukwe: katika maisha yake yote ya ndoa aliyasikia maji yakitajwa kutoka barazani, akiwa mkavu. Hakuwahi kuvuka.

Siku yenyewe nilikuwa na miaka kumi na tatu, ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Kwetu kulikuwa na manyunyu tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili huko mto unakotoka, na hilo ndilo linalotudanganya kila mara. Baba Mkubwa alikuwa anapaka darasa shuleni. Aliposikia kelele alishuka mbio na brashi mkononi, akanipa mimi niishike. Tumboni palikuwa pamejaa. Ng'ambo, mbele ya chumba cha Mama Mkubwa, walisimama watu wazima sita na watoto watatu. Kamba ya mtaa, ile ya kufunga nguzo hadi nguzo, ilikatika mwaka uliotangulia, na kila mtu alikuwa anasubiri mwenzake aanzishe mchango wa nyingine.

Akaingia.

"Kifundo!" Watu wa barazani tukarudia pamoja naye, kama darasani. "Goti!" Akaenda kwa kupapasa kwa mguu. "Paja!" Akasimama, akayumba kidogo, akajipanga. "Kiuno! Ni kiuno, njooni!"

"Una hakika?" fundi viatu aliuliza kutoka ng'ambo, sanduku lake la kazi kichwani.

"Njoo! Au unataka nikuletee gari?"

Fundi viatu akaingia. Alipofika katikati, maji yalikuwa juu ya kifua chake. Akashika bega la Baba Mkubwa, akapita huku anatweta. "Ngazi," akasema, "kiuno chako kiko mbinguni." Barazani tukacheka. Nakumbuka vizuri kwamba na mimi nilicheka.

Wakapita wengine. Mwenye kuchoka alimshika Baba Mkubwa mkanda, akapumzika, akaendelea. Watoto aliwabeba mwenyewe, mmoja mmoja, akiwaleta mpaka barazani na kurudi.

"Mke wangu yuko wapi?" akamwuliza mama mmoja aliyevuka nyuma ya wenzake.

"Anapandisha cherehani juu ya kabati. Anasema nguo za watu si zake, haziwezi kulowa."

"Mngemvuta!"

"Tumvute? Si unamjua?"

Baba Mkubwa akaweka mikono mdomoni. "Wewe mwanamke! Acha hizo nguo!"

Sauti ikatoka ndani ya chumba, nyembamba lakini kali. "Nakuja! Usinipigie kelele, mimi si ukuta!"

Tukacheka tena. Bado kulikuwa na mtoto mmoja ng'ambo. Baba Mkubwa akamfuata, akampandisha begani, akapita mbele ya mlango wa mkewe, akaanza kurudi upande wetu. Alikuwa amekwisha kuvuka katikati, mgongo wake ukiangalia chumba, alipopaza sauti bila kugeuka: "Bado kiuno! Toka sasa!"

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia mkewe.

Nilimwona akitoka. Viatu mkononi, gauni amelikunja na kulifunga pembeni. Akatazama maji, akautazama mgongo wa mumewe, akaingia. Hakusita. Aliingia kama mtu anayeingia chumbani kwake kuchukua kitu. Hatua ya nne au ya tano maji yakamfika kiunoni, na nikamwona akitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, ndiyo, ndivyo nilivyoambiwa. Alidhani amefika. Alidhani hapo ndipo penyewe, kwamba toka hapo ni kwenda tu.

Kisha yakawa kifua. Kisha akainua kidevu.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Baba Mkubwa alikuwa anamkabidhi mwenye mashine yule mtoto, mto unanguruma, na kila mtu barazani alikuwa anaongea kwa mpigo kama watu waliookoka wanavyoongea. Waliosikia walidhani nashangilia. Alipogeuka, Tumboni palikuwa na maji tu.

Mtu hawezi kukimbia ndani ya maji. Nililijua hilo siku hiyo, kwa kumtazama mtu mwenye miguu mirefu kuliko wote akijaribu. Alifika katikati, akazama, akaibuka, akazama tena, akitupa mikono kama anayetafuta sabuni kwenye beseni. Halafu akasimama wima, na akaanza kujipiga kiunoni kwa viganja vyote viwili. "Ni kiuno!" alikuwa analia. "Ni kiuno! Tazameni! Ni kiuno!" Alituonyesha. Mkanda wake ulikuwa unaonekana, nusu ndani ya maji, nusu nje. Alikuwa amesema kweli tupu.

Wanaume wawili walikwenda kumtoa maji yalipopanda. Alipowekwa barazani, brashi yake ilikuwa bado mkononi mwangu, na rangi nyeupe imenikaukia vidoleni.

Asubuhi yake akaanza kufuata mto. Baba yangu alikwenda naye, na mengi ya hapa nimesimuliwa na yeye. Walipita kijiji hadi kijiji, kila wanapokuta watu wanauliza. Mmemwona mwanamke? Watu wanauliza, mrefu kiasi gani? Na Baba Mkubwa, ambaye kwa kazi yake anaweza kukutajia urefu wa ukuta kwa kuutazama tu, alikosa namba ya kusema. Alikuwa anaweka kiganja kwenye mfuko wa shati lake. "Ananifika hapa." Watu walimtazama, wakakitazama kile kiganja kilivyo juu, wakajaza wenyewe kichwani mwao mwanamke wa kawaida. Hapana, hatujamwona.

Siku ya tatu walifika kwa wachimba mchanga. Wachimba mchanga wakasema mwanamke hawajaona. Walichokiona ni mwili wa msichana, umechukuliwa na watu wa ng'ambo, wanatafutwa wazazi wake. Baba Mkubwa akawapa pole. Alisimama pale akawaombea wazazi wa msichana huyo. Kisha wakaendelea na safari, siku mbili zaidi, mpaka mto unapopanuka na hauna tena pa kuuliza. Wakati wa kurudi walipita palepale, na mchimba mchanga mmoja akasema, wale wa ng'ambo wanashangaa, huyo msichana ana pete ya ndoa.

Tulimzika siku ya kumi. Baba yangu anasema njia nzima ya kurudi kaka yake hakulia. Alikuwa anarudia jambo moja tu: "Nilimpita. Nilisimama nikampita."

Watu walikuja na maneno ya kumpoza. "Maji yaliongezeka ghafla, Ngazi. Si kosa lako."

"Hayakuongezeka," alikuwa akijibu. "Mimi nilikuwa ndani yake."

Mwaka ule unaitwa Kiuno cha Tatu. Watu wanautaja mbele yake bila nia mbaya: fulani aliolewa Kiuno cha Tatu, paa hili liliezekwa baada ya Kiuno cha Tatu. Namtazama uso, hausogei. Lakini siku moja nilikuwapo dukani kwa mteja mmoja alipomwagiza kazi. Mteja alitaka rangi ya kahawia chini, nyeupe juu. "Kahawia ifike wapi?" Baba Mkubwa akauliza. Mteja, kama watu wote wanavyosema, akajibu, "Iishie kiunoni tu." Baba Mkubwa akaanza kukusanya brashi zake.

"Sema sentimita," akasema.

"Fundi, si nimekwambia, kiu..."

"Sema sentimita au tafuta mtu mwingine."

Mteja akasema mita moja. Baba Mkubwa akapima mara tatu. Kazi aliendelea nayo, na mzaha kidogo aliendelea nao, na kula alikula tukimlazimisha. Lakini Goti, Paja, yale maneno ya maji, hayakutoka tena kinywani mwake. Miaka miwili mto ulifura kidogo tu, watu wakavuka bila kuitiwa. Wakasema, ataita tu siku itakapobidi. Damu ya ukoo ule, atakosaje?

Ilibidi mwaka huu. Nina miaka kumi na sita. Tulikuwa darasani, kipindi kabla ya mapumziko, tukasikia mabati yanagongwa upande wa chini. Tuliposhuka, Tumboni palikuwa pamejaa, na ng'ambo walikuwa watu tisa, fundi viatu miongoni mwao, wamesimama mbele ya kile chumba, ambacho siku hizi ni saluni. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuingia majini. Alikwenda mpaka katikati, mikono hewani, akasimama.

Tukasubiri.

"Sema, Ngazi!" fundi viatu akaita.

Hakusema. Kutoka nyuma nilimwona mabega yakipanda na kushuka.

"Ngazi! Tuvuke au tupande?"

Barazani watu wakaanza nao. Sema, baba. Sema kitu. Ni kiuno? Tunaona ni kiuno, sema! Mwanamke mmoja ng'ambo, mjamzito, alikuwa ameweka mguu mmoja majini na anamtazama yeye tu, anamsubiri kama mtu anayesubiri hakimu. Baba Mkubwa alimtazama pia. Alifungua mdomo. Nilijikuta nafungua wangu. Kilichotoka kwake kilikuwa pumzi, na baada ya pumzi kikohozi, basi.

Yule mwanamke akarudisha mguu. Wakapanda juu ya saluni wote tisa, wakasukumana, wakivutana kwa mikono, na maji yakawafuata. Walikaa juu ya bati saa tano. Saa ya nne ukuta wa nyuma ukaanguka, na paa likainama upande mmoja. Wanane walishikilia. Fundi viatu alitelezea kwenye matofali, mguu ukavunjika mahali pawili. Muda wote huo Baba Mkubwa alisimama kwenye maji, hakutaka kutoka. Alipotaka kuvuka kuwafuata, wakati huo ilikuwa shingo, hata kwake.

Maji yalipopungua, fundi viatu alibebwa juu ya mlango uliong'olewa. Alipopitishwa mbele ya Baba Mkubwa aliwaomba wabebaji wasimame.

"Mwaka ule ulisema, ukaua," akamwambia. "Mwaka huu umenyamaza, ukavunja. Sasa tukufanyeje, Ngazi? Utuambie wewe. Tukufanyeje?"

Hakuna aliyemwambia fundi viatu anyamaze.

Kesho yake baada ya shule nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, ngozi ya nyayo imekunjamana kwa baridi ya jana. Suruali ilikuwa imepandishwa. Nilikwenda na uji, ukawa unapoa mikononi mwangu. Nilifikiri labda nimwambie kwamba tisa wako hai, kwamba yule mjamzito ni mfupi, nimemwona leo dukani, na kwamba angeingia majini angeweza... Lakini sikuwa na hakika kama hiyo ni faraja au ni kisu.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulipokuwa mdogo uliniuliza swali. Nikakufanyia mzaha."

"Nakumbuka, Baba Mkubwa."

"Nimelijibu kila siku tangu aondoke. Sijapata wa kumwambia." Akautazama mguu wake ndani ya beseni. "Siku ile nilijua anajua ni kiuno changu. Miaka ishirini na mbili ananishonea suruali, angekosaje kujua kilipo?"

Nilidhani amemaliza.

"Na yeye alijua nimesema chake," akasema. "Miaka ishirini na mbili kila nikitaka kumwambia neno nainama kwanza. Angedhanije kwamba siku ile sikuinama?"